Tulivyojifunza Kucheka Mombasa



Kwetu Kivu, mtu akitaja Mombasa, wazee hutikisa kichwa na vijana hutabasamu. Wazee huwaza mji wa ngoma za usiku, ulao fedha za watoto wa watu. Vijana huwaza mchanga mweupe, magitaa, na taa zisizozimwa hata alfajiri. Sisi tuandikao haya tulikuwa upande wa wazee, ingawa umri wetu haujafika miaka arobaini. Tulilelewa katika misioni, tukasoma seminarini, kisha tukashika kazi ya ualimu; na kwa miaka mingi tulidhani kwamba mtu mwenye akili hana haja ya kusafiri kwenda kutafuta furaha. Leo twapenda kuwasimulia jinsi mji ule ulivyotugeuza mawazo, na kuwapa mashauri machache, ili atakayejaliwa kufika huko aufurahie bila kujuta.

Hatukwenda kwa matembezi. Mwezi wa Desemba 2019 baba yetu alitutuma kumrudisha mdogo wetu. Kijana huyo alikuwa ameacha masomo, akachukua gitaa lake, na tangu miaka minne alikuwa akipiga muziki katika hoteli za pwani. Baba ni seremala, mtu wa maneno machache. Alitupa nauli, akasema: “Nenda ukamtoe katika ngoma.” Hakuongeza neno.

Tulisafiri kwa mabasi kupitia Rwanda na Uganda hata Nairobi. Hapo tulipanda treni iliyofunguliwa mwaka 2017, ipitayo katika mbuga ya Tsavo. Dirishani tuliona tembo waliojipaka vumbi jekundu, kana kwamba wamejengwa kwa matofali. Baada ya saa tano na zaidi tulishuka Miritini, nje ya mji, na joto likatulaki kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Mdogo wetu alikuwa akitungoja. Maneno makali tulikuwa tumeyatayarisha tangu Kampala, lakini yeye alitwaa mzigo wetu, akasema: “Yaya, najua Baba alikutuma kufanya nini. Nipe siku tano kwanza, halafu tutazungumza.” Tukakubali, kwa uchovu zaidi kuliko kwa wema.

Shauri la kwanza ni hili: usianze na bahari, anza na watu. Mombasa ni kisiwa, na moyo wake ni Mji wa Kale. Mdogo wetu alitupeleka huko asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Tulikula mahamri kwa mbaazi zilizopikwa na tui la nazi, kisha tukatembea kwa miguu katika vichochoro vyembamba, chini ya roshani za mbao, mbele ya milango iliyotiwa nakshi. Pale haraka haifai. Mtu hupita akisalimu: mkubwa huambiwa “Shikamoo,” naye huitikia “Marahaba.” Wenyeji wengi ni Waislamu. Avaaye kwa heshima, asiyepiga watu picha bila kuomba ruhusa, hupokewa kama jamaa. Mavazi ya kuogea na yabaki ufukoni. Tena siku ya Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala. Mgeni asinung'unike, bali atafute kivuli na kikombe cha kahawa chungu.

Mwisho wa vichochoro hivyo imesimama Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waarabu wa Omani waliizingira tangu 1696, wakaiteka mwaka 1698. Waingereza waliifanya gereza hata mwaka 1958. Leo ni nyumba ya makumbusho, na tangu 2011 imehesabiwa katika urithi wa dunia. Wageni wengi hukimbilia dansi bila kuiona. Tuliketi juu ya ukuta wake tukitazama mashua, tukafahamu kwamba mji huu ulipatwa na mengi kabla babu za babu zetu hawajazaliwa, na hata hivyo kila asubuhi watu wake huamka na kukaanga mahamri.

Nje ya ngome, mama mmoja mzee alikuwa akiuza viazi karai. Alitutazama sana, akauliza: “Mbona huteki, mwanangu?” Tulishtuka. Kwetu neno hilo lina uzito. Watu huteka maji kisimani, lakini katika miaka ya vita tulilisikia zaidi juu ya wenye silaha wanaoteka wasafiri njiani. Tukamjibu kwa ukali kidogo kwamba sisi hatumteki mtu. Mdogo wetu alicheka hata kutokwa machozi, na mama yule naye, na wapita njia wawili. Kumbe katika Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, kuteka ni kucheka, kama vile “ndoo” ni njoo na “ndia” ni njia. Mama alikuwa ameuliza tu kwa nini uso wetu umekunjamana hivyo. Basi mwalimu wa Kiswahili akafundishwa Kiswahili na muuza viazi. Hapo ndipo tulipocheka kwa mara ya kwanza tangu tulipoondoka nyumbani.

Shauri la pili: bahari ina saa zake. Sisi wa ziwa Kivu twadhani twayajua maji, kwa sababu tumekula sambaza tangu utoto. Lakini maji ya bahari hujaa na kupwa kila siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hupwa mbali sana hata mtu akasahau kwamba yatarudi. Waulizeni wavuvi kabla ya kuingia. Fukwe za Nyali, Bamburi na Shanzu ziko upande wa kaskazini, ng'ambo ya daraja la Nyali. Pale Bamburi uko ufuko wa watu wote uitwao kwa jina la Jomo Kenyatta. Mwezi wa Desemba jamaa kutoka bara huujaza: mabibi wenye kanga zilizokunjwa hata magotini, watoto juu ya mipira ya magari, ngamia wanaopandwa kwa malipo. Hakuna mtu anayemwonea haya mwenzake. Ukitembea penye miamba, vaa viatu, maana wamo viumbe wenye miiba mirefu mieusi.

Tena, patana bei kabla ya kupanda kitu chochote. Sisi tuliingia katika mashua ya kioo kutazama samaki, tukaona haya kuuliza bei, kwani mwalimu hapendi kuonekana maskini. Tuliporudi tuliambiwa tulipe mara tatu ya yale waliyolipa majirani zetu. Mwenye mashua hakutuibia. Kiburi chetu ndicho kilicholipa.

Shauri la tatu: jioni ni ya familia, nayo haihitaji fedha nyingi. Nendeni Mama Ngina, bustani iliyo mkabala na mlango wa bahari, ambayo ilikuwa imetengenezwa upya mwaka ule wa 2019. Chini ya mibuyu minene watu huketi juu ya ukuta wakila mihogo ya kukaanga iliyotiwa ndimu na pilipili, wakinywa madafu, na meli kubwa hupita karibu hata waona mabaharia usoni. Meli hizo huingia bandari ya Kilindini, na sehemu ya shehena yake husafiri kwa malori hata kwetu Kongo. Mdogo wetu alionyesha meli moja kwa kidole, akasema: “Huenda misumari ya Baba inapita hapa.” Tulimtazama. Miaka minne hatukumsikia akimtaja Baba.

Shauri la nne ni juu ya usiku, nalo twajua ndilo mnalongojea. Mombasa ni mji wa muziki wa namna nyingi. Iko taarab, ambayo Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliiimba hata wazee wakamjua kwa sauti tu. Iko bango, iliyokuzwa na Joseph Ngala, mtu wa Frere Town, mtaa ulioanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Katika hoteli hutakosa “Jambo Bwana,” wimbo ambao Them Mushrooms waliutoa mwaka 1982. Na muziki wa kwetu uko pia, maana wapigaji wa Kongo waliingia Kenya zamani: kikundi cha Les Mangelepa kiliundwa Nairobi mwaka 1976. Ng'ambo ya mkono wa bahari wa Mtwapa watu hucheza mpaka kuche.

Atakaye kufurahi usiku na ashike haya. Fedha ya nauli ya kurudi kwenu iache mahali ulalapo, wala usiiguse. Kikombe chako usikiache nyuma ya mgongo wako. Nenda pamoja na mtu unayemjua, rudi pamoja naye. Patana na dereva wa tuktuk kabla hujaketi. Na uondoke ungali na furaha, usingoje furaha ikuondokee.

Lakini sisi wenyewe hatukutaka kuingia. Usiku wa nne mdogo wetu alikuwa kazini, nasi tulisimama nje ya mlango wa hoteli, tumefunga mikono kifuani, tukisikia magitaa. Ndipo tulipokumbuka yule mwana mkubwa wa Injili, aliyesikia ngoma nyumbani kwa baba yake akakataa kuingia. Mfano huo tulikuwa tumeufundisha darasani miaka kumi, na siku zote tulimwona mwana mpotevu tu. Huyu wa nje hatukumtazama. Mlinzi wa mlangoni akatuambia: “Ingia, mwalimu. Ngoma haiumi.” Hatukujua ametambuaje kwamba sisi ni mwalimu.

Tuliingia. Mzee mmoja wa umri wa baba yetu alikuwa akicheza polepole na mkewe, ambaye alikuwa amevua viatu na kuvishika mkononi. Wahudumu walipita na sahani. Na pale pembeni aliketi mdogo wetu, hawatazami watu, akikaza nyuzi za gitaa, na jicho moja amelifumba. Moyo wetu ulisimama. Hivyo ndivyo baba yetu afumbavyo jicho moja anapotazama ukingo wa ubao kama umenyooka. Alipopiga, hatukuona mtu anayepoteza maisha yake. Tuliona mtu aliye kazini.

Siku ya tano ilikuwa Dominika. Tulisali katika Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, naye alikuja, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kisha tulikwenda kivuko cha Likoni, ambapo atembeaye kwa miguu halipi kitu, tukavuka na kurudi, tukavuka tena. Huko majini tulizungumza.

Alisema: “Yaya, sitakudanganya. Mwaka wa kwanza nilikunywa fedha yote. Nilifukuzwa mara mbili. Niliona haya, ndiyo sababu sikuandika.”

“Na sasa?”

“Sasa napiga, nalala, napiga tena. Wengine wanacheza, mimi natumika. Nitakuja kumwona Baba. Lakini ukinitoa katika ngoma, utanipeleka wapi?”

Hatukuwa na jibu. Kivuko kiligusa ng'ambo, watu wakasukumana kushuka, nasi tukashuka pamoja nao.

Tulirudi nyumbani peke yetu. Katika simu tulikuwa na muziki wa usiku ule. Baba alitusikiliza bila kusema neno, nasi tuliogopa kama watoto wa shule. Tulipoufungua muziki alifumba jicho moja. Halafu akauliza: “Hili gitaa la pili, ni nani?” Tukamjibu: “Ni yeye.” Akasema: “Rudisha mwanzo.”

Miezi mitatu baadaye, Machi 2020, ugonjwa wa korona ulifika Kenya. Hoteli za pwani zikafungwa, watu wakakatazwa kutembea usiku, na mdogo wetu akakaa bila kazi. Tulidhani Baba atasema: “Niliwaambia.” Badala yake aliuza kabati zuri alilokuwa amejitengenezea mwenyewe, akatupa fedha tumpelekee. Maneno yake yalikuwa haya tu: “Mwambie asiuze gitaa.”

Hakuliuza. Hoteli zilipofunguliwa tena alirudi kazini, na mwaka uliofuata alikuja kumsalimu Baba, akakaa mwezi mzima. Jioni moja tuliwakuta karakanani, Baba akichonga kipande cha mninga, mdogo wetu akikishika upande wa pili. Walikuwa wakitengeneza sanduku la gitaa.

Basi, ndugu wasomaji, mkijaliwa kufika Mombasa, msalimuni mkubwa, waulizeni wavuvi habari za maji, pataneni bei, linda fedha ya nauli. Na mama mmoja wa viazi akiwauliza mbona hamteki, msimjibu kwa ukali kama sisi.