Matanga ya Simbilisi

Dodoma ni nchi iliyozoea kufiwa na mifugo. Keti na mzee wa Kigogo, wa Bahi au wa Chamwino, atakutajia njaa za zamani kwa majina yake, na kila jina utakuta lina ng'ombe ndani. Sotoka iliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikafagia mazizi. Ikaja vita ya kwanza ya dunia: Wajerumani wakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, Waingereza walipofika nao wakachukua, mvua nayo ikakataa. Njaa iliyofuata, ile ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, iliua kati ya 1917 na 1920 watu wapatao 30,000 katika nchi iliyokuwa na watu kama 150,000. Ukiwa mkazi wa mahali pa namna hiyo, hutoki nje asubuhi na macho mekundu ukawaambia majirani kuwa umefiwa na simbilisi. Unasema una mafua.

Simbilisi, kwa asiyemjua, ni mnyama mdogo asiye na mkia, mwenye miguu mifupi na mwili wa kujaa viganja viwili. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, ila siku hizi ni mwenyeji kabisa wa Iringa, Njombe na Mbeya, ambako hufugwa jikoni akiokota maganda chini ya miguu ya wapishi. Huko ni kitoweo, na kumlisha ni kazi ya watoto. Wa kwetu walikuja wawili, majike, ndani ya kikapu kwenye basi la kutoka Iringa, zawadi ya wifi yangu kwa binti yetu wa darasa la tano. Wifi hakusema kama ni wa kufuga au wa kula, na binti hakuuliza. Akawapa majina ya njiani: Mtera, pale bwawani ambapo abiria hununua samaki dirishani, na Migoli, kijiji cha jirani yake.

Mtu asiyewahi kuishi na simbilisi hajui kelele zao. Mfuko wa mboga ukichakarika tu, hata uwe bado mlangoni, wanapiga mluzi mkali wa kupanda juu, wote wawili kwa pamoja, kama vile hawajaona jani tangu wazaliwe. Mume wangu alikuwa akisema ndio watu pekee humu ndani wanaomfurahia akirudi kazini. Mwilini hawawezi kutengeneza vitamini C, kama sisi binadamu tusivyoweza, kwa hiyo mchicha, chainizi na kipande cha hoho vilikuwa haki yao ya kila siku. Mwezi wa Novemba, Dodoma ikiwa imekauka na mvua bado zinasubiriwa, kuna siku simbilisi hao walikula mboga nzuri kuliko tuliyokula sisi.

Ilikuwa Novemba. Jioni mfuko ulichakarika, ukasikika mluzi mmoja.

Mtera alikuwa amejikunyata kwenye kona ya kizimba, manyoya yamesimama, macho nusu. Binti akamwekea jani la mchicha puani, hata hakulinusa. Chini, ambako kwa kawaida unafagia vinyesi na kabla hujageuka vimejaa vingine, hapakuwa na punje mpya hata moja. Ukimsogelea ulisikia kitu kama anatafuna. Binti akafurahi: "Mama, anakula!" Alikuwa anasaga meno kwa maumivu.

Mnyama wa namna hii ameumbwa kula bila kupumzika. Majani huchachukia tumboni, na kinachoingia ndicho kinachosukuma kilichotangulia. Hawezi kutapika. Akiacha kula kwa sababu yoyote ile, liwe jino, joto, hofu au ugonjwa mwingine, utumbo unasimama. Ukisimama, gesi inajaa. Gesi inauma, na mwenye maumivu hali. Ndivyo alivyo sungura, na ndivyo alivyo chinchila, binamu yake simbilisi kutoka Andes hiyohiyo, ambaye manyoya yake laini yalimponza akawindwa nusura aishe duniani. Wengi wa machinchila wanaofugwa majumbani leo wanatokana na wale 11 ambao mhandisi wa migodi Mathias Chapman aliwapeleka California mwaka 1923. Kutoka mzima hadi mahututi, wanyama hawa wanahitaji saa chache tu.

Mkoa wetu una historia ndefu ya kutibu wanyama. Mpwapwa kumekuwa na kazi ya utafiti wa mifugo tangu enzi za Wajerumani, na kuna aina ya ng'ombe inayoitwa kwa jina la mji huo, iliyopatikana kwa kuchanganya damu ya Asia, ya Afrika na ya Ulaya. Wizara ya mifugo yenyewe sasa iko Mtumba, mwendo wa daladala. Lakini elimu yote hiyo, na siilaumu, imeelekezwa kwa mnyama anayelipa. Bwana mifugo wa kwanza tuliyempigia alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema: "Mama, huyo mchinjeni mapema, nyama isiharibike." Simu ilikuwa kwenye spika. Sikumchukia yule baba. Kwa kazi yake, huo ulikuwa ushauri mzuri.

Dukani nako, kijana wa dawa za mifugo alinitolea antibiotiki ya kumeza ya jamii ya penisilini. Daktari wa pili, aliyesoma Sokoine kule Morogoro, ndiye aliyeizuia kwa simu kabla sijalipa. Dawa hiyo akimeza simbilisi, huwaua vijidudu wema wa tumboni, vile vibaya vinatawala na kumwaga sumu, na mgonjwa anakufa kwa tiba. Akaja mwenyewe na bodaboda, begi mgongoni. Akanawa mikono, akampima joto, akanyamaza. Alikuwa amepoa. Akaweka kipimo chake tumboni, upande huu, upande ule. "Hakuna kinachotembea," akasema. Akamchoma maji ya uvuguvugu chini ya ngozi na dawa ya maumivu, akatuonyesha namna ya kumpapasa tumbo taratibu na kumweka kwenye joto la chupa iliyofungwa kitenge. Binti akamuuliza kama atapona. Akachuchumaa, akamjibu akimtazama: "Sijui, mdogo wangu. Nimeitwa akiwa ameshachoka sana."

Alikufa kabla ya adhana ya alfajiri, mikononi mwa baba mtu, ambaye ndiye aliyekuwa zamu.

Ardhi ya Dodoma mwezi huo haichimbiki kwa jembe. Tuliazima sururu kwa mafundi wanaojenga nyumba ya jirani. Tangu serikali ihamie huku, sururu haikosekani mtaani. Tulipomaliza binti akauliza: "Tutakaa matanga?" Nikamwambia aende akaoge, atachelewa shule.

Swali lile nilikwenda nalo kazini. Huko mwenzangu mmoja, mtu mwema, aliponiona sina raha akauliza, nikamwambia, akanipiga begani: "Aa, dada. Ni mnyama tu." Hapo nikaanza kumtetea marehemu. Nikamweleza kwamba Robert Koch alipotangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alikuwa amewatumia simbilisi katika majaribio yake. Nikamweleza kuhusu Axel Holst na Theodor Frölich wa Norway, ambao mwaka 1907 waligundua kwamba simbilisi wakinyimwa mboga hupata kiseyeye kama mabaharia, na kwa njia hiyo dunia ikaanza kuifukuzia vitamini C. Nikasema wanyama hawa wametufia kwa maelfu ili sisi tupone. Mwenzangu alitikisa kichwa kwa heshima, na mimi nikajisikia vibaya kuliko nilivyoanza. Mtera hakuwahi kumponya mtu yeyote. Alikula mchicha na kupiga mluzi. Kumtafutia kazi aliyoifanya duniani, ili nipewe ruhusa ya kumlilia, ilikuwa hoja ileile ya bwana mifugo: mnyama ahesabiwe kwa faida yake, iwe ni nyama, iwe ni sayansi.

Wapo wanaosema kulilia mnyama wa nyumbani ni mambo ya Wazungu, au ya watu wa mjini wenye nafasi. Sidhani kama wanaosema hivyo wamewahi kulala kwenye tembe. Nyumba ile ya asili ya Wagogo, yenye paa bapa la udongo, ilizunguka zizi kama mkono unavyozunguka sahani. Ng'ombe walikuwa uani, na ndama na mbuzi wadogo walilala ndani pamoja na watu. Mtoto aliyekua hivyo alisikia pumzi za mifugo usiku kucha, na alijua ni yupi anayekohoa kabla ya baba yake kuamka.

Mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu ni mtoto wa nyumba ya namna hiyo. Sijui nani alimwambia. Nadhani mafundi walitaka kujua sururu yao imefanya kazi gani. Alikuja jioni, akabisha hodi, tukaitikia, "Mbukwenyi" na majibu yake, akakaribishwa kiti, akakataa chai, kisha akaikubali. Hakusema pole. Akamuuliza binti: "Alikuwa wa rangi gani?" Binti akamwambia: kahawia, na baka jeupe puani. Akauliza tena alikuwa anapenda nini, alianza kuumwa wakati gani, nani alimwona kwanza. Binti akasimulia yote, mpaka chupa ya kitenge. Nilitaka kumkatiza, nikaona mzee ameweka kikombe chini ili asikilize vizuri.

Kisha naye akasimulia. Alikuwa na dume jekundu, pembe moja imeinama, alilolichunga tangu likiwa ndama naye akiwa mvulana. Baba yake akalipeleka mnadani Msalato mwaka ambao mvua ilikatika mapema. Yeye ndiye aliyelishika kamba njiani, na lilimfuata bila fimbo kwa sababu lilimzoea. "Mlikuwa na ng'ombe wengi, babu?" binti akauliza. "Wengi tulikuwa nao, mjukuu wangu. Yule alikuwa mmoja." Halafu akaomba sukari, akasema chai ya mama yako ni ya wagonjwa wa kisukari.

Alipoondoka ndipo nikaelewa kwamba tumekaa matanga. Kwetu matanga, ukiondoa turubai na sufuria za pilau, ni watu kumpa mfiwa nafasi ya kusimulia. Kila anayeingia anauliza ilikuwaje, na mfiwa anaanza tena: jana tu alikuwa mzima, jana tu tuliongea naye kwenye simu, alisema kichwa kinamuuma kidogo. Kila mara anaposimulia, kisa kinapungua makali. Anayefiwa na mnyama anakosa watu wa kumuuliza ilikuwaje. Kisa kinabaki kinazunguka kichwani mwake, na kinapozunguka peke yake kina tabia ya kusimama palepale kila mara: asubuhi alikuwa anakula, kwa nini sikuona?

Hapo kwenye "sikuona" ndipo binti alipokwama, na mimi pamoja naye, mpaka daktari aliporudi kuchukua kipimo chake alichokisahau. Akatueleza kwamba mnyama anayewindwa na kila mwenye meno huficha udhaifu wake, kwa sababu porini anayeonekana mgonjwa ndiye anayeliwa wa kwanza. Simbilisi hula, au hujifanya anakula, hadi saa ambayo hawezi tena. Ukiona ameumwa ujue aliumwa zamani. Macho hayatoshi, alisema. Mpimeni uzito kila wiki na muandike. Uzito ukishuka, hata kama anapiga mluzi, nipigieni siku hiyohiyo.

Amebaki Migoli, ambaye hajapiga mluzi vizuri tangu siku ile. Wanyama hawa hawaishi peke yao, na wifi amekwisha kutuma ujumbe: huku wamejaa, chagueni rangi. Binti alikataa katakata, kisha wiki iliyofuata akakubali kwa masharti, la kwanza likiwa kwamba kabla ya safari ya Iringa lazima mizani iwe imenunuliwa. Jumamosi tulikwenda soko la Sabasaba. Mizani za jikoni zipo, za saa na za betri, ila binti hakutaka kuamini maandishi ya kwenye boksi. Alimwomba muuzaji kilo moja ya sukari kutoka duka la jirani ili aipime kwanza, na muuzaji alipouliza mizani yenyewe ni ya kupimia unga au nyama, alimwambia bila kusita kwamba ni ya hospitali.