Kisigino, Boston na Moshi

Watanzania wengi tumekua na habari ya John Stephen Akhwari. Oktoba 1968, jijini Mexico, alianguka katikati ya marathoni ya Olimpiki, goti likaumia, na giza lilikuwa limeshaingia alipofika uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji. Sehemu ya pili haisimuliwi sana. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola jijini Edinburgh, Akhwari huyohuyo alikuwa wa tano katika marathoni, kwa saa 2 na dakika 15. Aliuguza goti, akapona, akarudi. Siku hizi hiyo ya pili ndiyo inayonigusa zaidi.

Naishi Boston, na mbio za asubuhi kando ya Mto Charles ndizo zilizonifanya nijione mwenyeji huku. Kisha kano ya kisigino ikaanza kuuma. Mwanzoni ilikuwa hatua chache tu za kutoka kitandani. Baadaye hata kushuka ngazi kukawa shida.

Mama alipiga simu kutoka Moshi. "Pole sana, mwanangu. Achana kabisa na hizo mbio, mguu upumzike." Ndugu nao wakamiminika na pole zao, na zilinifaa, kwa sababu huku mtu anaweza kuchechemea miezi na jirani asiulize.

Mtaalamu wa fiziotherapia hapa alisema jingine. Alinisimamisha ukingoni mwa ngazi kwa ncha za nyayo, nishushe kisigino taratibu hadi kipite usawa wa ngazi: mara 15, awamu tatu, asubuhi na jioni. Zoezi hilo lilipata umaarufu kutokana na utafiti wa Håkan Alfredson wa Sweden, uliochapishwa mwaka 1998, ambamo wanamichezo walilifanya kwa wiki 12. Kano hupata damu kidogo kuliko msuli, ndiyo maana hupona polepole. Ukiilaza kabisa inazidi kudhoofika, na siku ukirudi kwa pupa inauma upya. Inataka kazi, lakini kazi ya kipimo: maumivu madogo yanavumilika, yakizidi kesho yake asubuhi unapunguza.

Mama alikuwa sahihi kwamba mbio zisimame. Ila mapumziko peke yake yasingeniponya, na hili nalisema wazi kwa wale wa nyumbani wanaokaa mwaka mzima wakichua mguu na kusubiri.

Lakini Boston nayo ina upungufu wake. Bima hulipia miadi michache, kisha unabaki peke yako na ngazi, na nje kuna barafu. Subira niliipata nilipokwenda likizo Moshi. Asubuhi nilifuatana na Mama kwa miguu hadi soko la Mbuyuni, kwa mwendo wake, tukisimama kila hatua kuwaamkia wazee na kuulizana hali. Kisigino kilipata kazi nyepesi kila siku bila mimi kukifikiria. Jioni nilifanya zoezi kwenye kidato cha mlango wa uani, wapwa zangu wakinihesabia kwa sauti, na nikitaka kuishia 13 hawakubali. Mbio zenyewe nilizianza hukohuko, kwenye njia za vumbi: dakika moja kukimbia, mbili kutembea.

Wataalamu tunao pia nyumbani. Hospitali ya KCMC, hukohuko Moshi, imewafundisha kwa miaka mingi. Kinachokosekana mara nyingi ni nauli, ada, na mtu wa kumwambia kijana kwamba maumivu ya kano yanatibika. Sisi tulio nje hupenda kuwatumia wadogo zetu viatu vya mbio. Mdogo wako akikuambia mguu unauma, tuma kwanza pesa ya kumwona mtaalamu, kisha mpigie kila wiki umuulize kama anafanya mazoezi aliyopewa. Viatu vitafuata.