Mizizi ya Mahindi Kilo

Tulipofika Iga Barrière dereva wa pikipiki aliiacha barabara kuu ya Bunia, akashika njia ya Mongbwalu, na vumbi likabadilika rangi. Jina la Kilo nimelisikia tangu utotoni: dhahabu iliyoonekana 1903, kisha migodi ya Wabelgiji ya Kilo-Moto. Mimi lakini ni mtu wa mbegu. Nilitaka kuona mahindi yanavyoota kando ya machimbo.

Yanaota karibu mno. Vijana wanaosha mchanga kwenye karai, wanatia zebaki inase dhahabu, wanakamua kwa kitambaa, kisha donge linachomwa juu ya mbabula, jiko la makaa. Hatua chache kutoka hapo ni shamba la mama mmoja. Aling'oa mche, akanipa. Mizizi ilikuwa mifupi, minene, ncha zake za kahawia. Mche wa pili, wa juu mlimani, ulikuwa na mizizi mirefu, myeupe.

Kwa macho tu siwezi kuihukumu zebaki. Udongo uliopinduliwa na wachimbaji nao hudumaza mimea. Ila kazi ya sumu hii inajulikana: hung'ang'ania salfa iliyo ndani ya protini, chembe za ncha ya mzizi zikaacha kugawanyika, na vijia vya maji katika mzizi vikaziba. Ndiyo maana mche huweza kunyauka udongo ukiwa umelowa.

Mche nao hujitetea. Hutengeneza minyororo midogo yenye salfa, fitokelatini, ambayo watafiti wa Ujerumani waliieleza mwaka 1985. Minyororo hiyo huikamata metali na kuifungia ndani ya mzizi, hivyo sehemu kubwa haipandi hadi kwenye punje ya mahindi. Mpunga una hatari zaidi: katika tope lililofurika bakteria huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, nayo hufika hadi kwenye mchele.

Nilimweleza mama hayo yote nikiwa na furaha, maana mche mdogo kupigana hivyo kunanigusa sana. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Sawa, papa. Na sombe je?"

Hapo ndipo penye shida. Sombe ni majani ya muhogo, na muhogo wake ulikuwa upande ule moshi wa mbabula unakoelekea. Zebaki ikichomwa hugeuka mvuke, na jani huuvuta kupitia vitundu vyake vya kupumulia. Ulinzi wote ule wa mzizi hausaidii, kwa kuwa sumu haikupitia chini. Kuosha hakuitoi iliyokwisha kuingia ndani.

Mama aliwaita vijana. Nikawaambia donge lichomwe ndani ya chombo kilichofungwa, chenye bomba linalopozwa kwa maji. Mvuke hurudi kuwa zebaki, na zebaki ni pesa yao. Mmoja akauliza bomba la chuma Bunia linauzwa bei gani. Mama alitaka kwanza mbabula ihamishwe siku hiyohiyo, mbali na muhogo na mbali na watoto, nao wakaanza kubishana ni nani ataibeba.