Picha Iliyobadilishwa Magwanda

Kwenye kikao cha mwisho cha chama nilipendekeza kwamba safari ya wanafunzi wapya mwaka huu ifike Atlanta History Center, kule Buckhead. Jamani, nilichekwa. Kaka yetu mmoja wa Eldoret akauliza kama kweli tumevuka bahari yote hiyo kuja kuangalia vita vya Wazungu waliogombana wenyewe kwa wenyewe. Mwingine akasema mgeni anataka kujua duka la unga wa ugali liko wapi na koti la baridi linauzwa bei gani, basi. Sikupata nafasi ya kujibu maana ajenda ya michango ilikuwa inasubiri, na mnajua wenyewe ajenda ya michango ikishaanza. Kwa hiyo naomba nijibu hapa.

Kituo hiki kilianza mwaka 1926 kama chama cha watu wa mji waliotaka kuhifadhi historia yao. Leo kina ekari 33 za bustani, nyumba za zamani na kumbi za maonyesho, na kila mwezi Juni hufanyika sherehe za Juneteenth, siku ya kukumbuka mwisho wa utumwa. Kuna jumba la kifahari la mwaka 1928 linaloitwa Swan House, ambalo watu wanapenda sana kupigia picha za harusi. Mimi mwenyewe hilo jumba halinisisimui. Kama una saa moja tu, pita moja kwa moja uende kwenye mchoro wa duara, ule wanaouita Cyclorama.

Jina lake hasa ni The Battle of Atlanta. Ulichorwa Milwaukee mwaka 1885 na 1886 na kundi la wachoraji waliotoka Ujerumani na nchi za jirani, wakiongozwa na F. W. Heine na August Lohr. Kwenda juu ni futi 49, na kuuzunguka ni futi 371. Chukua jengo la ghorofa nne, lizungushie turubai moja kwa ndani, kisha jaza vita kila mahali. Unaingia kwa kupitia njia ya chini, unapanda jukwaani, na ghafla uko alasiri ya tarehe 22 Julai 1864: moshi, farasi, njia ya reli, nyumba ya matofali inayogombewa. Fremu hakuna. Ukigeuka, vita viko nyuma yako. Enzi zile hakukuwa na sinema, michoro kama hii ilizungushwa mji hadi mji na watu wakalipa kiingilio.

Sisi wa uhandisi tuna sababu nyingine ya kwenda. Turubai kama hili halitakiwi kuning'inia kama pazia. Linashikwa juu kwenye pete, linavutwa chini kwa vizito, na kwa sababu ya mvuto huo linaingia ndani kiunoni, yaani sehemu ya katikati inakusogelea wewe na juu na chini zinarudi nyuma. Ni haipabola, ileile tuliyochora kidato cha sita bila kuambiwa ya kazi gani. Hapo jicho linadanganyika, vilima vya mbali vinakuwa mbali kweli. Jengo la Grant Park lilipokuwa mchoro huo tangu 1921 lilikuwa dogo, ikabidi ukatwe kipande ili uenee, na umbo lake likapotea. Februari 2017 waliuviringisha kama mikeka miwili mikubwa, kreni ikaitoa kupitia matundu kwenye paa, malori yakaipeleka Buckhead polepole. Walijenga jengo jipya kwa ajili yake, wakarudisha vizito, wakachora upya anga lililokatwa, na tarehe 22 Februari 2019 wakafungua milango. Hesabu tu za kunyanyua mzigo ule ningelipa kuziona.

Sasa njoo kwenye hoja ya kaka yangu. Mchoro ulitengenezwa kwa ajili ya watazamaji wa Kaskazini, kusifu ushindi wa Kaskazini, na ni kweli Kaskazini ndiyo ilishinda siku ile. Atlanta ikaanguka Septemba 1864, Lincoln akachaguliwa tena Novemba, na Desemba 1865 katiba ikapiga marufuku utumwa. Lakini mwaka 1892 mfanyabiashara aitwaye Paul Atkinson aliuleta mchoro huu hapa Atlanta, mji wa walioshindwa. Ungekuwa wewe ungemuuzia nani tiketi? Bwana Atkinson akafanya kazi yake. Palipokuwa na mateka wa Kusini wenye magwanda ya kijivu, akaagiza wapakwe rangi ya bluu, wakageuka kuwa askari wa Kaskazini wanaokimbia. Akautangaza kama ushindi wa Kusini. Turubai lilelile, farasi walewale, matokeo ya vita yamegeuzwa kwa kopo la rangi!

Rangi ile ilikuja kuondolewa miaka ya 1930. Miaka hiyohiyo waliongeza vinyago vya plasta mbele ya mchoro, na kimojawapo kikapewa sura ya Clark Gable, mcheza sinema, baada ya yeye kutembelea mji mwaka 1939. Msinicheke, hata mimi nilikitafuta kwanza kile kabla ya kutazama kingine chochote.

Mtu aliyeuokoa mchoro huu usioze alikuwa Maynard Jackson, meya wa kwanza mweusi wa Atlanta, aliyeingia madarakani mwaka 1974. Wapo waliomshangaa, kwamba wewe mtu mweusi unatafuta mamilioni kutengeneza picha ya hawa? Yeye aliona mbele yake vita vilivyosaidia kuwakomboa babu zake. Ukarabati ukakamilika mwaka 1982. Kwa hiyo "vita vya Wazungu" ni maneno ambayo Jackson asingeyakubali, na mimi pia siyakubali.

Lakini jambo lililonikaa moyoni zaidi ni lile jina, Grant Park. Wageni wengi hudhani ni Jenerali Grant wa Kaskazini. Sivyo, ni Lemuel Grant, injinia wa reli, aliyetoa ardhi ya bustani ile. Ndiye aliyesanifu ngome za kuulinda mji mwaka 1863, mahandaki na kuta za udongo maili 10 na zaidi kuuzunguka. Waliochimba walikuwa watumwa, na malipo yalikwenda kwa mabwana zao. Mimi ni mtu wa fani hiyo. Nimekaa darasani miaka mingi nikihesabu udongo kwa mita za ujazo, na najua maili 10 za handaki ni mikono mingapi. Injinia ana bustani. Wale wa majembe, ukisimama jukwaani ukazunguka mara tatu, ni vigumu kumpata hata mmoja.

Afadhali kule nje, kwenye shamba la akina Smith, nyumba ya miaka ya 1840 iliyohamishiwa hapo, wanaelezwa waziwazi walioishi pale kama watumwa na kazi walizofanya. Bamia na kunde, vyakula vyetu kabisa, walivuka navyo wao.

Na kwetu je? Pale Posta, Dar es Salaam, alisimama Hermann von Wissmann tangu 1909, yule aliyewapiga watu wa pwani kwa niaba ya Wajerumani, na miguuni pake askari Mwafrika akimtazama kwa unyenyekevu. Waingereza wakamng'oa, na mwaka 1927 wakamweka Askari tunayemjua, peke yake, na bunduki yake. Maandishi ya chini alitunga Kipling. Wissmann akapelekwa Hamburg, akasimamishwa mbele ya chuo kikuu, hadi wanafunzi walipomwangusha mwaka 1968. Wanafunzi, nasema! Ni wangapi kati yetu tumepita kwa Askari yule na daladala mara elfu bila kuuliza maneno yale ni ya nani? Nairobi nako wapo watatu, Kenyatta Avenue, na maneno ni ya mtu huyohuyo.

Kwa watakaokuja, nashauri tusianzie Buckhead. Tuanzie kituo cha MARTA cha Inman Park-Reynoldstown, maana reli ya pale ndiyo ile iliyo kwenye mchoro. Karibu na hapo kuna mtaa unaoitwa DeGress Avenue, jina la kapteni wa mizinga wa Kaskazini. Mizinga yake ilitekwa na Kusini mchana ule kisha ikakombolewa. Leo ni nyumba nzuri nzuri na watu wanaotembeza mbwa. Tukishatembea kidogo turudi kwenye treni, tubadili Five Points kwenda kaskazini. Maji kila mtu abebe yake, Buckhead kila kitu ghali.