Nasaba ya Punje

Mtu atokaye Arusha mjini kwa barabara ya Moshi, akishaipita Tengeru na Usa River, hukuta mto mdogo uliolipa jina lake daraja, soko na kata nzima: Maji ya Chai. Aliyeutazama mto huo mara moja hahitaji kuelezwa asili ya jina. Maji yake yana rangi ya chai kavu, ile inyweywayo bila maziwa. Waliolitoa jina hilo walikuwa watu wakweli; waliiona rangi, wakaisema. Lakini kile wasichokiona hawakukisema, nacho ndicho kilichokuja kuwagharimu wajukuu wao. Katika maji yashukayo kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru mna madini ya floraidi, ambayo hayana rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Maji mengi ya upande huu hukipita kikomo hicho mara kadhaa. Tanzania yenyewe kwa miaka mingi ilivumilia miligramu 4, kwa kuwa lau ingeshika kipimo cha dunia, vijiji vizima vingeambiwa visinywe, na hapakuwa na maji mengine ya kuwapa.

Matokeo yake yako vinywani mwa watu. Meno ya mtoto aliyelelewa kwa maji hayo huota yakiwa na madoa ya kahawia, na yakishaota hivyo hayasafishiki kwa mswaki wala kwa majivu. Waliozidiwa zaidi hupinda miguu au hukakamaa mgongo. Kijana wa Meru akienda kusoma Dodoma au kutafuta kazi Dar es Salaam, hutambuliwa kwao kabla hajataja jina la ukoo. Hucheka ameziba mdomo kwa kiganja. Mto uliwapa watu jina, kisha ukawapiga chapa.

Mahali kama hapa ndipo inapofaa kulizungumzia jambo ambalo kwingine huzungumzwa kwa kelele: vyakula vilivyobadilishwa vinasaba, na haki ya mlaji kuambiwa anakula nini.

Yupo bibi mmoja wa Maji ya Chai ambaye alijifunza kusoma katika darasa la watu wazima, zama zile ambazo mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alijifunzia chini ya mti, mtoto mgongoni, na tangu hapo husoma kila kinachopita mbele yake: kalenda za ukutani, maandishi ya nyuma ya daladala, karatasi aliyofungiwa chumvi. Siku moja alisimama mbele ya duka la barabarani, ameshika pakiti ya chakula cha mtoto, ya mahindi na soya, iliyotoka ng'ambo.

"Shikamoo bibi," alisema kijana wa duka.

"Marahaba mjukuu wangu. Haya mahindi ni ya wapi?"

"Ya nje hayo, bibi. Mazuri sana."

"Sikukuuliza uzuri. Nimekuuliza ni ya wapi, na mbegu yake ni ipi."

Kijana aliigeuza pakiti upande huu na upande huu. Palikuwa na maandishi ya lugha tatu, hakuna hata moja iliyokuwa Kiswahili. Palikuwa na picha ya mtoto mnene anayecheka, mwenye meno meupe. Jibu la swali la bibi halikuwapo, au kama lilikuwapo, lilikuwapo kwa lugha ambayo wote wawili hawakuwa nayo. Mwanamke aliyetoka gizani kwa juhudi zake mwenyewe akajikuta tena hajui kusoma.

Wataalamu wa lugha walipotafuta neno la kuitia sayansi hii kinywani mwa Mswahili, walifanya jambo ambalo huenda hawakulikusudia. Waliliendea neno nasaba, wakalipunguza, wakapata vinasaba. Nasaba si neno jepesi. Pwani, mposaji akipeleka barua, hawaulizi kwanza ana shilingi ngapi. Huuliza nasaba yake. Ni mtoto wa nani? Babu yake alizikwa wapi? Hawaulizi hayo kwa sababu wanaamini mgeni lazima awe mbaya. Wapo wageni waliooa wakawa nguzo za mitaa. Huuliza kwa sababu aingiaye nyumbani hutajwa. Basi ukimwambia Mswahili kwamba punje hii imebadilishwa vinasaba, umekwisha kumpa haki ya kuuliza swali la mposaji. Lugha imemtangulia mwanasheria.

Na jibu la swali hilo lipo, wala halina uchawi ndani yake. Yapo mahindi ambayo yametiwa jeni ya bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus thuringiensis, ili mmea utengeneze wenyewe sumu ya kumuua funza atoboaye bua. Yapo mengine yaliyotiwa jeni ya bakteria mwingine ili yavumilie ukame. Kwa mahindi ya namna hii ya pili, Tanzania ilianza majaribio mwaka 2016 huko Makutupora, Dodoma, katika shamba lililotengwa. Kabla ya hapo, kanuni za mwaka 2009 zilikuwa zikimbebesha mwenye kuleta mbegu hizo dhima ya madhara yoyote bila ya aliyeathirika kulazimika kuthibitisha uzembe. Mwaka 2015 masharti hayo yalilegezwa kwa ajili ya utafiti, na ndipo mbegu zikaingia ardhini. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliamuru majaribio yasimame na mabaki yateketezwe. Januari 2021 Waziri wa Kilimo, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kuufuta utafiti huo. Mwanzo na mwisho, mkulima wa Arumeru alisikia habari hizo redioni, kama mtu asikiaye harusi ya jirani kupitia ukutani.

Kenya nayo ilipita njia yake. Mwaka 2012 iliandika kanuni za lebo: chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya kitu kilichobadilishwa vinasaba kitajwe hivyo. Novemba ya mwaka uleule Baraza la Mawaziri likapiga marufuku uingizaji, baada ya utafiti wa Mfaransa Séralini kuonyesha picha za panya wenye uvimbe. Jarida lililouchapisha utafiti huo liliufuta mwaka 2013, lakini marufuku ilibaki miaka kumi, hadi Oktoba 2022 ilipoondolewa wakati wa ukame mkali. Kesi zikafuata, Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikausimamisha uingizaji kusubiri rufaa. Ni mwendo wa saa mbili hivi kutoka Arusha hadi Namanga, na gunia la mahindi halijawahi kuheshimu mipaka.

Haki inadai pia kusemwa kwamba hofu nyingi zisemwazo juu ya vyakula hivi hazijapata ushahidi. Akademia za sayansi za Marekani zilipitia mamia ya tafiti na kutoa taarifa yao mwaka 2016: hazikuona kwamba vyakula vya aina hii vilivyoko sokoni vina hatari kwa afya kuliko vile vya kawaida. Anayetaka lebo kwa hoja kwamba chakula hicho ni sumu amejijengea nyumba juu ya mchanga. Siku sayansi ikimkanusha, na nyumba ya lebo itaanguka pamoja naye. Hoja ya bibi wa dukani ni imara zaidi, kwa kuwa yeye hakusema ni sumu. Aliuliza mbegu ni ipi.

Nchi za Ulaya zimelielewa swali hili kwa namna inayostaajabisha. Kikomo chao ni asilimia 0.9, lakini mafuta ya soya iliyobadilishwa vinasaba hutakiwa kutajwa hivyo hata kama katika mafuta yenyewe, yakishasafishwa, haionekani tena chembe ya jeni. Yaani wanachotaja si kilichomo, bali kilikotoka. Hiyo ndiyo nasaba, kwa maana yake ya Kipwani. (Hata hivyo nasaba yao nayo hukatika mahali: maziwa ya ng'ombe aliyelishwa mahindi hayo hayatajwi.) Marekani, kwa upande wao, walianza kulazimisha lebo tarehe 1 Januari 2022, wakaacha neno ambalo watu walikuwa wamelizoea na kulichukia, wakachukua jipya lenye maana ya kitu kilichosanifiwa kibiolojia. Wakaruhusu pia badala ya maneno iwekwe alama ya kusomwa kwa simu. Mfasiri yeyote ajuaye kazi yake huitambua hila hii: mtu akikusudia usielewe, hakunyimi neno, hukupa neno zuri mno.

Wala pwani haina haja ya kufundishwa faida ya alama kwenye pakiti. Muislamu akinunua peremende husoma kwanza kama gelatini yake ni ya mnyama gani. Hakuna amwambiaye kwamba gelatini ya nguruwe haijathibitishwa kumdhuru mtu kiafya, kwa hiyo asiulize. Swali lake limekubaliwa kuwa halali hata kabla ya kufika maabara. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kilichoko Ngurdoto, karibu na Maji ya Chai, huchuja maji kwa chengachenga za mifupa iliyochomwa. Na msomaji wa visiwani bila shaka amekwisha kuuliza moyoni: mifupa ya nini? Ni ya ng'ombe. Limeulizwa, limejibiwa, na maji yananyweka.

Lakini hapa ndipo lebo inapoanza kuchechemea. Lebo inahitaji pakiti, na chakula cha Maji ya Chai kwa sehemu kubwa hakina pakiti. Siku ya soko Tengeru, mahindi hupimwa kwa debe na kisado, na maharage humwagwa juu ya turubai, rangi kwa rangi. Nani atabandika karatasi juu ya muhindi wa kuchoma? Asilimia 1 ya Kenya na 0.9 ya Ulaya zinapimwa kwa mashine na wataalamu. Mama aliyekaa nyuma ya debe lake ana macho na ulimi. Mahindi huzaana kwa chavua ipeperushwayo na upepo, hivyo hata yeye, akiapa kwa uaminifu kwamba haya ni ya shambani kwake, anaapia baba wa punje asiyemjua.

Zaidi ya hapo, jina lenyewe limekwisha kuchakaa kabla ya kutumika. Tanzania haina zao lililobadilishwa vinasaba lililoruhusiwa kuuzwa mbegu yake kwa wakulima, lakini sokoni Arusha kila kitu kikubwa kupita kawaida huitwa GMO. Nyanya ngumu isiyooza ni GMO. Kuku wa kisasa ni GMO. Papai lisilo na mbegu, tikiti la duara, hata mtoto aliyerefuka haraka. Mbegu chotara, ambayo ni ndoa tu ya mahindi kwa mahindi iliyosimamiwa na wataalamu, imepakwa matope hayohayo. Kwa hiyo mtu huikwepa mbegu chotara isiyo na kosa, kisha hutia nyumbani mafuta ya kukaangia ya ng'ambo asiyoyajua asili. Na jioni hutia magadi katika makande ili mahindi na maharage yaive upesi. Magadi hayo, yauzwayo kwa mafungu juu ya gunia, mara nyingi yana floraidi nyingi, na hayana lebo wala kikomo cha asilimia wala kesi mahakamani. Hakuna aliyewahi kuandamana kwa ajili ya magadi.

Je, hilo linabatilisha swali la bibi? Wapo wasomi wasemao hivyo: wenye njaa na maji mabaya waache anasa za lebo. Usemi huo hauna adabu. Watu wa Meru waliwahi kuambiwa kwamba mambo ya ardhi yao yanajulikana vema na wakubwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa kuuliza kwa niaba yao. Hakurudishiwa ardhi safari ile. Hakuna Mmeru asemaye leo kwamba hakupaswa kuuliza. Aliyekwisha kunywa asichokijua kwa vizazi kadhaa ndiye hasa mwenye sababu ya kutaka kujua, na kuuziwa mbuzi kwenye gunia hakuwi halali kwa kuwa mnunuzi ni maskini.

Bibi hakuinunua ile pakiti. Alirudi nyumbani, njia ya migombani, akampikia kitukuu chake uji wa unga wake mwenyewe, kwa maji ya kuchujwa ambayo mwanawe huyaleta kwa pikipiki katika madumu mawili ya njano. Juu ya dari la jiko lake, pale moshi unapopita kuwafukuza dumuzi, ameweka makopo ya mbegu. Kila kopo lina kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa ugali, na mwandiko ni ule wa darasa la chini ya mti, herufi kubwa zilizoinamia kulia: MAHARAGE YA SHANGAZI, AKERI. MAHINDI MEUPE, KWA MAMA MKWE. NGWARA ZA KING'ORI, ZIMEBADILISHWA KWA KUKU. Kopo moja, la mahindi aliyopewa na mtu njiani mwaka wa njaa yakaota vizuri kuliko mengine yote, nalo ana karatasi yake. Ameandika SIJUI, na msimu wa masika huyapanda peke yake, upande wa chini, mbali na yale meupe.