Je, Nirudie Mtihani?

Kila mara matokeo ya KCSE yanapotangazwa, swali moja hunifikia kutoka kwa watahiniwa, na wakati mwingine kutoka kwa wazazi wao: "Mwalimu, nirudie?" Huulizwa siku ile ile ya matokeo au siku mbili tatu baadaye, uchungu ukiwa ungali mbichi. Anayeuliza hajala vizuri. Watu wa nyumbani wananong'ona. Mtoto wa jirani amepata B na kwao kuna vigelegele. Katika hali hiyo, wengi huwa wameshaamua kurudia, na wanachotaka kwangu ni kuungwa mkono tu.

Nimefundisha Kiswahili na kusahihisha mitihani kwa miaka mingi. Nimewaona waliorudia wakafaulu, waliorudia wakapata gredi ile ile, na waliokataa kurudia wakaendelea vyema na maisha yao. Kilichowatenganisha hakikuwa akili. Waliofaulu walijua alama zao zilipotelea wapi, nao wakabadilisha kile kilichozipoteza. Ndiyo maana simjibu mtu kabla hajaketi akafanya hesabu.

Hesabu ya kwanza ni ya pointi. Gredi wastani ya KCSE hutokana na masomo saba. Kila somo lina pointi, kuanzia 1 kwa gredi ya E hadi 12 kwa gredi ya A, hivyo jumla ya juu kabisa ni 84. Gredi ya C+, ambayo ndiyo ya chini kabisa kwa anayetaka kujiunga moja kwa moja na masomo ya shahada, huanzia pointi 46. Sasa watazame watahiniwa wawili. Mmoja ana pointi 44, mwingine ana 33. Wote wawili wamevunjika moyo, na wote wawili wanasema wamekosa chuo kikuu. Lakini wa kwanza amepungukiwa na pointi mbili tu. Akiinua somo moja kutoka C hadi B-, na mengine yabaki yalivyo, amefika. Wa pili anahitaji pointi 13, yaani apande karibu hatua mbili katika kila somo kati ya yale saba. Hilo linawezekana, ila ni kazi ya aina nyingine kabisa, na hapaswi kudanganywa kwamba atasukuma kidogo tu.

Kumbuka pia kwamba tangu KCSE ya mwaka 2023, masomo ya lazima katika hesabu hii ni Hisabati na lugha moja, ile aliyoifanya vyema zaidi mtahiniwa. Masomo mengine matano ni yale aliyopata gredi bora. Kwa hiyo kabla ya kusema, "Kiswahili ndicho kilichoniangusha," hakikisha kwamba somo hilo limo katika yale saba, au litaingia ukiliinua.

Hesabu ya pili ni ya alama zilizopotea, na hii ndiyo ngumu zaidi kwa sababu hati ya matokeo hukupa gredi ya somo bila kukuonyesha ulivyofanya katika kila karatasi. Kiswahili kina karatasi tatu: Insha kwa alama 40, Lugha kwa alama 80, na Fasihi kwa alama 80. Mtahiniwa anayesema, "Mimi ni dhaifu katika Kiswahili," bado hajasema lolote. Udhaifu huo uko katika karatasi gani? Katika swali la aina gani?

Namkumbuka msichana aliyeletwa kwangu na mamake mwezi wa Januari. Alikuwa na pointi 44, na Kiswahili chake kilikuwa C. Mama alikuwa ameshapanga kila kitu. "Mwalimu, huyu atarudi Kidato cha Nne, avae sare upya, alale bwenini kama wengine." Msichana hakusema neno. Nilimpa swali moja la tamthilia, la alama 20, nikamwomba alijibu pale pale. Aliandika kurasa mbili kwa mwandiko safi. Alikijua kitabu kuliko wanafunzi wengi niliokuwa nao darasani mwaka huo. Tatizo ni kwamba aliusimulia mchezo mwanzo hadi mwisho. Swali lilimtaka aeleze muktadha wa dondoo, kisha abainishe mbinu za uandishi na kujadili maudhui. Muktadha huwa na alama nne: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na ni kwa nini maneno hayo yanasemwa. Yeye alitaja msemaji, kisha akaendelea na hadithi. Tulipomaliza kusahihisha pamoja, alikuwa na alama saba.

Nilimwambia mamake, "Mama, huyu hana haja ya mwaka mzima wa kusoma upya kila kitu. Ana haja ya kujifunza kujibu swali." Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama hilo lingegharimu karo ya mwaka mzima. Msichana alijisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi, akawa anajibu swali moja kila siku mbili na kuniletea kila wiki. Alirudia, na akavuka C+. Yake ilikuwa hali iliyofaa kurudiwa: pengo dogo, sababu inayojulikana, na dawa iliyo mikononi mwake.

Si kila sababu huwa hivyo. Mvulana mmoja mwenye pointi 33 alikuja na babake. Nilipomuuliza mwaka wake wa Kidato cha Nne ulikuwaje, alisema alisoma kadiri alivyoweza. Walimu wake walithibitisha. Hakuugua, hakukosa karo, hakukosa vitabu. Nikamuuliza, "Ukirudia, ni kitu gani kitakuwa tofauti?" Alifikiri sana, akajibu, "Nitasoma kwa bidii zaidi." Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, na huniogopesha, kwa sababu bidii ile ile kwa njia ile ile huzaa gredi ile ile. Kumbe C- yake ilikuwa na mlango: ndiyo gredi ya chini ambayo kwa kawaida huruhusu kujiunga na masomo ya stashahada katika vyuo vya kiufundi. Alipenda mambo ya umeme tangu utotoni. Alikwenda kusomea umeme, na anayehitimu stashahada akitaka shahada baadaye, njia hiyo ipo. Babake alichukua muda kulikubali hilo. Alihisi kama mwanawe ameshindwa mara mbili. Leo yeye ndiye humtaja kila penye mazungumzo ya kazi.

Hesabu ya tatu ni ya muda, na watahiniwa wa vitabu teule ndio wanaoisahau zaidi. Vitabu hubadilishwa. Aliyefanya KCSE mwaka 2017 alitahiniwa katika Kidagaa Kimemwozea na Mstahiki Meya. Aliyerudia mwaka 2018 alikuta Chozi la Heri na Kigogo. Kama hukuulizia mapema, utaingia katika chumba cha mtihani na riwaya ambayo haimo. Usajili nao hufanywa miezi ya mwanzo ya mwaka, muda mfupi baada ya matokeo. Soma maagizo ya KNEC ya mwaka huo huo, wala usitegemee yale aliyokueleza binamu aliyerudia zamani. Na kama unaamini gredi yenyewe ina kasoro, mkuu wa shule uliyofanyia mtihani ndiye wa kumwendea kwanza, kwa kuwa malalamiko kuhusu matokeo yana muda wake.

Muda una upande mwingine pia. Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 lilifanya KCPE mwaka 2023, likaingia Kidato cha Kwanza mwaka 2024, na linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Anayesema, "Nitapumzika kwanza, nirudie baadaye," na akumbuke kwamba mtihani huu anaoujua unaelekea ukingoni.

Ukishaamua kurudia, rudia kama mtu anayeziba tundu analolijua. Chukua karatasi ya zamani ya Fasihi, weka saa mbili na nusu mezani, ujibu maswali manne: la kwanza ambalo ni la lazima, na mengine matatu kutoka sehemu tofauti. Mpelekee mwalimu asiyekuonea haya. Ukiona swali la nne limebaki wazi, umeacha alama 20 kati ya 80, na tatizo lako ni kasi. Ukiona umejibu yote lakini hoja ni chache, tatizo lako ni kusoma swali. Rejea kitabu chenyewe pia. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuona njia, lakini dondoo litatoka kitabuni, wala mwongozo hauwezi kukisoma kwa niaba yako.

Na ukiamua kutorudia, usitembee umeinamisha kichwa. Gredi ya Kidato cha Nne hupima ulivyojibu maswali katika majuma machache ya mwaka mmoja. Lichunguze kila lango ambalo gredi yako inafungua kabla ya kulililia lile lililofungwa.

Kwa anayerudi ukumbini, jambo la mwisho ni hili. Kwenye meza ya kusahihishia, karatasi yako itakuwa katikati ya nyingine nyingi, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba hii ni mara yako ya pili. Msahihishaji hataijua aibu yako wala maneno ya jirani. Atakachokitafuta ni hoja iliyojibu swali, na akiipata, atakupa alama yake.