Usingoje Hamu

Mwanangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma yote. Umeandika kwamba wali mdomoni hauna tofauti na karatasi, nyama ina ladha ya chuma, harufu ya vitunguu vikikaangwa inakutoa jikoni mbio, na kwamba unangoja hamu irudi ndipo uanze kula sawasawa. Hapo kwenye kungoja ndipo tusipokubaliana. Katika miezi hii ya baada ya mionzi na dripu za saratani, hamu haifai kuwa kiongozi wako. Kula kwa kufuata saa, na chakula chenyewe kipikwe kwa ulimi ulio nao leo, si kwa ule uliokuwa nao kabla hujaugua.

Kwanza elewa kilichotokea, maana watakuwepo wa kukwambia unadeka. Seli zinazoonja ladha ulimini hazidumu. Huishi kama siku 10 hadi 14 hivi, zikafa, na nyingine zikashika nafasi. Dawa za saratani zimetengenezwa kushambulia seli zinazogawanyika haraka, na hazibagui kati ya uvimbe, nywele na ulimi. Sisplatini, dawa uliyopewa kwa dripu, ina madini ya platinamu ndani yake, na ladha ya chuma ni malalamiko ya wengi wanaoipata. Juu ya hayo wewe ulipigwa mionzi ya shingo, nayo huumiza tezi za mate. Mate ndiyo yanayoyeyusha chakula na kukifikisha kwenye seli za kuonja; yakipungua, hata mchuzi uliokolea viungo hupita bila kusikika. Mtu aliyepata dripu peke yake kwa kawaida hurudishiwa ladha yake ndani ya wiki au miezi michache. Aliyepigwa mionzi ya kichwa au shingo huchukua miezi kadhaa, mara nyingine mwaka, na wapo ambao mate yao hayarudi yote. Sasa piga hesabu: ukingoja hamu mwaka mzima, utakuwa umeishi kwa nini?

Watu husema mwili una akili yake, ukikataa chakula usiulazimishe. Kwa homa ya siku tatu sina ugomvi na maneno hayo. Lakini hamu hutengenezwa ubongoni, kwa ujumbe unaotoka tumboni, kwenye mafuta ya mwili na kwenye damu, na ugonjwa huu pamoja na majeraha ya tiba huvuruga ujumbe huo. Ubongo huambiwa umeshiba ilhali tumbo ni tupu. Mahitaji nayo hayapungui. Mwongozo wa jumuiya ya Ulaya ya lishe ya tiba unampangia mgonjwa wa saratani kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na protini kuanzia gramu moja hadi moja na nusu kwa kilo. Mtu wa kilo 60 basi anahitaji kilokalori 1,500 hadi 1,800, na protini gramu 60 hadi 90. Asipovila, mwili huvichukua kwenye misuli, ya miguu na ya kifua, na misuli iliyokwisha kuliwa hairudi kwa wiki mbili za kula vizuri. Mwaka 2011 mabingwa wa fani hii walikubaliana kwamba mgonjwa wa saratani aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi sita bila kukusudia ameingia katika kudhoofika kunakohitaji kushughulikiwa. Kwa kilo 60, hizo ni kilo tatu tu. Gauni hata halijaanza kupwaya.

Kuna hoja nyingine ambayo lazima imefika kwenu, kwamba sukari na wanga vinalisha saratani, hivyo kufunga njaa ni kuunyima ugonjwa chakula. Chanzo chake si uzushi mtupu. Katika miaka ya 1920 mwanasayansi wa Ujerumani, Otto Warburg, alionyesha kwamba seli za uvimbe hutumia glukosi kwa wingi kupita kiasi cha seli za kawaida. Lakini kutoka hapo hadi kwenye kuacha uji ni safari ndefu ambayo ushahidi haukuifunga. Mwili hauachi damu ikose glukosi; usipokula, ini huitengeneza, na malighafi yake mojawapo ni protini ya misuli yako. Kwa hiyo anayejinyima hainyimi saratani, anajinyima mwenyewe. Soda na peremende nakukataza kwa sababu nyingine kabisa: kinywa kisicho na mate ya kutosha huoza meno upesi, na jino la kung'oa kwenye taya lililopigwa mionzi ni balaa. Piga mswaki kwa dawa yenye floraidi na umwone daktari wa meno. Na Ramadhani ikikukuta katika hali hii, sheria imemwondolea mgonjwa saumu, usijitie ushujaa.

Nije kwenye chakula chenyewe. Ndugu wa mjini, kwa upendo, hukimbilia makopo ya unga wa protini ya bei mbaya. Sisemi hayana kazi. Mtaalamu wa lishe akikuandikia, kunywa. Ila upo ushahidi unaotutia moyo sisi wa jiko la kawaida. Mwaka 2005 Paula Ravasco na wenzake wa Lisbon, Ureno, walitoa matokeo ya wagonjwa 111 wa saratani ya utumbo mpana na puru waliokuwa kwenye mionzi. Kundi moja lilishauriwa, mtu mmoja mmoja, jinsi ya kurekebisha vyakula walivyozoea. La pili lilipewa vinywaji vya protini juu ya mlo wao. La tatu liliachwa lile litakavyo. Mionzi ilipomalizika makundi mawili ya kwanza yalikuwa yakila vizuri zaidi ya mwanzo. Baada ya miezi mitatu ni waliopewa ushauri tu waliokuwa bado na faida hiyo. Mwaka huohuo walitoa utafiti wa wagonjwa 75 wa saratani za kichwa na shingo, wenzako hao, na mambo yalikwenda njia ileile. Kopo likiisha, limeisha. Anayejua kuugeuza uji wake anaendelea kuugeuza.

Geuza basi. Uji mtupu wa ulezi ni maji mengi na nguvu kidogo. Upike mzito, kisha ukipoa kidogo ukoroge kijiko cha unga wa kimea. Vimeng'enya vya kimea huvunja wanga na uji hulainika bila kuongezewa maji, ukameza unga mwingi kwa vikombe vichache. Tia maziwa badala ya maji, tia karanga zilizosagwa hadi zikawa laini, malizia na kijiko kikubwa cha mafuta au tui zito. Kijiko hicho cha mafuta peke yake ni kilokalori kama 120. Nyama ikikupa chuma, iache bila kuona haya, protini si lazima itoke kwa ng'ombe. Mayai mawili yana kama gramu 12, vikombe viwili vya maziwa au mtindi 16, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, na gramu 30 za dagaa wakavu zisizopungua 15. Hapo umekaribia 60 kabla ya kuhesabu ugali. Dagaa wakikuchoma koo, waondolewe vichwa, wasagwe wawe unga, watiwe kwenye mchuzi wa nazi. Wapikwe na mtu mwingine, nje, upepo ukiwa unaelekea kwa jirani. Sifanyi mzaha: sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu, na chakula cha moto hunuka kuliko kilichopoa. Ndiyo maana wengi walioshindwa na wali wa moto huweza kula kiazi kilichopoa, mtindi wa baridi, au samaki wa jana aliyetolewa kwenye friji. Tumia kijiko cha mbao au cha plastiki ili usiongeze chuma juu ya chuma.

Ukali wa ukwaju, ndimu na embe bichi huamsha mate, na nyama au samaki aliyelala kwenye ndimu na tangawizi hupunguza ladha mbaya. Lakini hayo ni kwa kinywa kilichopona. Penye vidonda ndimu ni adhabu, na pilipili ni zaidi ya adhabu. Balungi na danzi viulizie kwanza kwa daktari, maana huingilia jinsi mwili unavyozivunja dawa kadhaa. Kitu kikikuzidi utamu, kipe ndimu au chumvi kidogo. Kikiwa kichungu, kipe asali. Na usijilazimishe kula chakula ukipendacho sana siku ya kichefuchefu, usije ukakichukia moja kwa moja. Sahani kubwa ya mchana isahau. Kikombe au bakuli dogo kila baada ya saa mbili au tatu, saa ikifika umekula, hamu iwepo isiwepo, na ile saa ya asubuhi ambayo wengi huwa na nafuu ndiyo uipe chakula kizito.

Kabla ya kila mlo sukutua. Lita moja ya maji ya uvuguvugu, kijiko cha chai cha chumvi, na kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda, ile ya kuokea, si magadi ya kulainishia maharage. Kisha jitazame ulimi kwenye kioo: ukiona utando mweupe, huenda ni fangasi, nao huharibu ladha na una dawa hospitalini. Hapa ndipo ninapopunguza ukali wa hoja yangu. Kula kwa saa hakutibu fangasi, wala maumivu yasiyotulizwa, wala choo kilichofunga, wala huzuni nzito, wala tezi ya shingo iliyolegea baada ya mionzi, na kila kimoja katika hivyo hufukuza hamu. Usivikubali kuwa ndiyo hali ya ugonjwa; vitaje kliniki kimoja kimoja. Vidonge vya zinki unavyoambiwa vinarudisha ladha vilipimwa Marekani kwa wagonjwa 173 wa mionzi ya kichwa na shingo, matokeo yakatoka 2007, na havikuzuia ladha kuharibika. Majani ya mstafeli hayajathibitishwa kutibu saratani ya binadamu, na kule Guadeloupe watafiti waliyahusisha matumizi ya mimea ya jamii hiyo na maradhi ya kutetemeka yanayofanana na ya Parkinson. Dawa za kweli za kuleta hamu zipo. Olanzapini ya miligramu 2.5 kwa siku ilipimwa India kwa wagonjwa 124 waliokuwa kwenye dripu, matokeo yakachapishwa 2023: asilimia 60 waliongeza uzito kwa zaidi ya asilimia 5, dhidi ya asilimia 9 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wale walikuwa na saratani za tumbo, ini, kongosho na mapafu, kwa hiyo si ruhusa ya kwenda kuinunua duka la dawa. Ni swali la kumuuliza daktari wako.

Limebaki la mama yako. Anapokusimamia na sahani mkononi akisema, kula mwanangu, kula, anasema anachokijua, maana kwetu chakula ndicho mapenzi. Lakini kusimamiwa kunafunga koo, na kukataa chakula alichokipika kunawaumiza nyote wawili. Mgawie kazi. Mwambie wazi, kwa adabu, kwamba ulimi umeumia, si kwamba mapishi yake yamechuja. Kisha mkabidhi saa, kimea na unga wa dagaa, aache kukupima kwa sahani iliyobaki. Kazi yake ipimeni kwa mizani.

Mizani hiyo ipande kila Ijumaa asubuhi kabla ya uji, na kilo uziandike kwenye daftari pamoja na ulichoweza kumeza wiki hiyo. Ukipungua kilo tatu kutoka uzito uliotoka nao hospitali, au maji yakakushinda siku nzima, au kila ukinywa unapaliwa na homa inafuata, usiandike barua tena kwangu: chukua daftari uende kliniki siku hiyohiyo.

Wasalaam,
Shangazi yako